Usikaze swichi ya presha kabla ya kupima upepo

Ndugu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika. Umesema pampu ya nyumbani hapo Wete inawaka na kuzima hata mtu akiosha mikono tu, na fundi ameshauri swichi ya presha, ile inayoiwasha na kuizima pampu yenyewe, ikazwe. Nakuomba usimruhusu bado. Pampu ikiwa na pupa hiyo, mara nyingi upepo umeisha kwenye tangi la presha. Kukaza swichi hakurudishi upepo, na mota inayowaka kila dakika haidumu.

Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha fungua bomba la chini kabisa mpaka maji yakome na geji isome sifuri. Usiruke hatua hii, maana tangi likiwa bado na maji yenye nguvu utapima presha ya maji ukadhani ni ya upepo. Nyuma ya tangi pana kifuniko kidogo cha plastiki, na chini yake vali kama ya tairi la gari. Pima kwa geji ya tairi. Upepo uwe chini kidogo ya presha ya kuwakia: kama pampu huwaka presha ikishuka hadi bar 1.4 (bar ni kipimo cha presha), jaza 1.2. Pampu ya baiskeli inatosha. Lakini ukibonyeza vali yakatoka maji, mpira wa ndani ya tangi, unaotenga maji na upepo, umetoboka; nunua mpira mwingine.

Jengine la kuangalia: pampu inawaka usiku na hakuna anayetumia maji? Funga koki inayopeleka maji ndani, baada ya tangi. Geji ikiendelea kushuka, maji yanarudi kisimani kupitia vali ya chini, ile iliyo mwisho wa bomba ndani ya kisima. Ikisimama, yanavuja ndani, na choo ndicho cha kushukiwa kwanza.

Haya yote yakiwa sawa na bado bafu la ghorofani linatoa maji mnyonge, hapo fungua swichi. Umeme uwe umezimwa, na uhakikishe kwa testa, kwani ndani nyaya ziko wazi. Utakuta springi mbili, kila moja na nati yake. Nati ya springi kubwa ukiikaza inapandisha presha ya kuwakia na ya kuzimia kwa pamoja. Ya springi ndogo inapandisha ya kuzimia peke yake, yaani inapanua nafasi baina yao. Zungusha nusu mzunguko tu, rudisha kifuniko, washa, fungua bomba, usome geji inapowaka na inapozima. Kisha ndiyo uongeze. Nafasi iwe angalau bar 1, na ukibadilisha presha ya kuwakia, badilisha na upepo wa tangi.

Sasa hapa ndipo pampu nyingi zinapouliwa. Soma kibao cha pampu yako. Kikiwa kimeandikwa H max 35 m, yaani kimo cha juu kabisa inachoweza kupandisha maji, na maji ya kisima yako mita 6 chini ya pampu, zimebaki mita 29, karibu bar 2.9 (kila mita 10 ni kama bar 1), tena pampu ikiwa mpya na umeme umeshiba. Ukiiwekea kuzima kwa 3 haitafika kamwe. Itazunguka bure, maji yachemke ndani yake, sili inayozuia maji yasivuje kwenye mhimili wa mota iungue. Mimi ningeiwekea 1.4 kuwaka na 2.4 kuzima. Bafu la juu likiwa mita 5 juu ya tangi linapoteza bar 0.5 tu, kwa hiyo bado utaoga vizuri.

Geji ikiganda huku pampu inafanya kazi, au swichi ikichelewa kuzima, fungua kibomba kinachoingia kwenye swichi. Maji ya visima vyetu vya mawe yana chokaa, na tundu lile ni dogo. Lizibue kwa waya mwembamba, funga tena kwa tepu nyeupe. Angalia na vile vibati vya kugusana: sisimizi hupenda kuingia humo, na wakibanwa katikati umeme haupiti. Vikiwa vyeusi vya kuungua, badilisha swichi nzima.

Niandikie upepo umesoma ngapi na kibao kinasema nini. Nisalimie watu wote wa nyumbani.

Wako,
Suleiman
Unguja