Kwa mawakili vijana mnaoanza kushika kesi za ndoa

Wanangu mawakili, salaam.

Nawaandikia ninyi mliotoka Shule ya Sheria juzi juzi, mkaapishwa, na sasa mnakaa na wateja wa talaka na matunzo kwa mara ya kwanza. Najua wengi wenu hamkuichagua kazi hii. Katika ofisi nyingi kesi za benki na mikataba huchukuliwa na wakubwa, za ndoa anasukumiwa wakili mdogo, kana kwamba ni za kujifunzia. Mimi nimekaa nazo kwa hiari yangu maisha yangu yote ya uwakili, na bado naamini hakuna faili linalotaka umakini kuliko la wazazi wanaoachana. Ninalowaomba ni moja: fanyeni kazi mkiitazama siku inayofuata hukumu. Ninyi mtafunga faili na kwenda kwenye kesi nyingine. Wale wawili wataendelea kukutana hospitalini, kwenye mahafali, kwenye posa ya binti yao, msibani.

Mteja wa ndoa akiingia ofisini hasemi anachotaka, anasema alichotendewa. Mwacheni aseme. Msimkatize kwa kumuuliza namba ya kiwanja. Atawaambia anataka talaka leo hii, na kwamba mwenzake asiwaone watoto tena. Maneno hayo msiyachukue kuwa maagizo. Mwiteni siku nyingine, moyo ukiwa umetulia kidogo, mmuulize mambo madogo madogo. Ada ya shule analipa nani? Mtoto akiugua usiku, anapigiwa nani simu? Nyumba ikiuzwa, wewe utalala wapi? Aliwahi kunijia mama aliyetaka mumewe afilisiwe asibakiwe hata na kiti. Siku ya pili ndipo nikajua hofu yake: alikuwa na mtoto mwenye selimundu, na bima ya matibabu ilipitia kazini kwa baba. Tulipolipata hilo, mazungumzo na upande wa pili yakachukua sura nyingine kabisa, maana baba naye hofu yake ilikuwa hiyo hiyo.

Kisha msilidharau baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hapa Tanzania, kifungu cha 101, inazuia kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na kifungu cha 106 kinataka hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Nawaona vijana wanamtuma mteja barazani "akachukue fomu", kama anayekwenda kununua stempu. Mume hakuitwa, hakuna aliyesikilizwa, karatasi inatoka siku hiyo hiyo. Mahakama ya Rufani imekwisha kubatilisha mashauri ya talaka yaliyosimama juu ya hati yenye kasoro, watu wakarudishwa mwanzo baada ya miaka ya kwenda na kurudi mahakamani. Basi someni hati neno kwa neno kabla ya kuiambatisha. Hakikisheni wote wawili waliitwa, na kwamba imeandikwa wazi kuwa baraza limeshindwa.

Hapo hapo, jueni sheria imeacha milango. Mwenzi aliyetoroka na hajulikani aliko, mwenzi anayeishi nje ya nchi na asiyetarajiwa kuja karibuni, mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane, hayo yote yametajwa. Mwanamke anayepigwa msimketishe meza moja na anayempiga eti mpate karatasi. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Huyo mpelekeni kwanza Dawati la Jinsia na Watoto polisi, apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, apate matibabu, apate mahali salama pa kulala. Talaka itasubiri.

Sasa mali, ambako ndiko nataka mnisikilize zaidi. Kila mmoja wenu ameikariri kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Ilikuwa hatua kubwa, na wanawake wengi wamesimama juu yake tangu siku hiyo. Lakini wachache huisoma mpaka mwisho. Mahakama iliikubali kanuni, kisha ikautazama ushahidi, ikaona mwenendo wa Bi Hawa ulikuwa umepunguza ustawi wa familia, na hakupata zaidi ya kile ambacho mumewe alikwisha kumpa walipoachana. Kanuni imesaidia maelfu, yeye mwenyewe haikumsaidia. Ndiyo maana nasema wakili anayesimama na kutaja Bi Hawa halafu akakaa hajafanya kazi. Mahakama ya Rufani imerudia hilo katika kesi ya Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo: kiasi cha mchango wa kila mmoja ni jambo la ushahidi.

Na ushahidi wa watu wetu hauko benki. Niliwahi kumtetea mama mmoja muuza samaki. Nyumba ilikuwa kwa jina la mume, na mali iliyo kwa jina la mwanandoa mmoja hudhaniwa kuwa ni yake mpaka ithibitike vinginevyo. Mama alisema, "Mwanasheria, mimi sina ushahidi, sikusoma." Nikamwomba aniletee kila karatasi iliyomo ndani mwake, hata asiyoijua kazi yake. Akaja na mfuko wa salfeti. Humo, chini ya kadi za kliniki na risiti za umeme, lilikuwamo daftari la kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, jalada limelowa mafuta ya kukaangia, lina hisa alizonunua kila Jumamosi na mikopo aliyochukua. Pembeni ya mkopo mmoja mweka hazina aliandika "bati". Pembeni ya mwingine, "saruji na fundi". Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi tukapata nakala ya risiti ya bati, tarehe yake siku tatu tu baada ya mkopo. Mweka hazina alikuja kutoa ushahidi, na fundi akaja, akaeleza nani alikuwa akimlipa jioni na nani alimpikia mafundi wake mchana. Hapo kazi ya nyumbani na fedha ya samaki vikasimama pamoja mbele ya hakimu, na mama akapata sehemu yake. Kwa hiyo ombeni madaftari, ujumbe wa simu wa kutuma pesa, picha za msingi ukichimbwa, majina ya mafundi. Ombeni mapema, kabla karatasi hazijachomwa.

Jambo la kalamu zenu. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, nami nilifurahi sana. Zamani matusi yalijificha ndani ya Kiingereza, mtoto hakuyaona. Leo mtoto wa darasa la sita akilikuta jalada kabatini atasoma kila ulichoandika juu ya mama yake. Usiandike "mdaiwa ni malaya na mlevi sugu". Andika kwamba kuanzia mwezi fulani hakurudi nyumbani kwa wiki kadhaa, watoto wakabaki kwa jirani bila matumizi, na jirani yupo tayari kusema. Hakimu anahitaji hayo ya pili. Yale ya kwanza anayahitaji mteja mwenye hasira, na hasira yake wewe hukuajiriwa kuitunza. Akisisitiza, mwambie kwa heshima kwamba chini ya hati hiyo kuna saini yako.

Watoto wasifundishwe maneno. Kifungu cha 125 kinaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote. Kinadhani kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 atakuwa bora akiwa na mama, dhana ambayo inaweza kupingwa, na mtoto mkubwa wa kutosha husikilizwa matakwa yake. Basi wazazi hukimbilia kuwakaririsha. Nimemsikia mtoto wa miaka tisa, ameulizwa habari za shule, akajibu kwamba baba "hatekelezi wajibu wa matunzo". Hakimu aliweka kalamu chini. Mkiona mteja ameanza hayo, mzuieni siku hiyo hiyo. Na afisa ustawi wa jamii akija nyumbani, mteja asipange sebule upya. Amwonyeshe mtoto analala wapi na anakula nini.

Mteja asiye na fedha msimfukuze bila kumwelekeza. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wapo wasaidizi wa kisheria katika halmashauri zetu. Wajueni kwa majina, kesho mtawahitaji.

Mpigieni simu wakili wa upande wa pili mapema, kabla hamjajibizana kwa karatasi. Nusu ya mambo yanayopiganiwa mahakamani yangeweza kumalizwa na mawakili wawili wenye adabu: nani abaki na gari hadi hukumu itoke, nani alipe ada ya muhula huu. Na mkiandika mapatano ya watoto, andikeni kwa undani. "Baba atawaona watoto kwa wakati unaofaa" ni sentensi ya kuzaa ugomvi kila mwisho wa wiki. Andikeni Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwa bibi mzaa mama, warudi Jumapili kabla ya giza. Andikeni nani ananunua sare za shule, na Idi na Krismasi watakuwa kwa nani. Matunzo yawe ya kiasi ambacho mlipaji anaweza kukilipa mwezi wa pili na wa ishirini, maana amri isiyolipika mama hawezi kuipeleka sokoni.

Hukumu ikisomwa, msimwache mteja kwenye korido. Kaeni naye, mmsomee amri kwa maneno ya kawaida, mmwambie ana siku 45 za kukata rufaa akitaka, mmuulize watoto watachukuliwa wapi Ijumaa hii, na kama ana nauli ya kurudi nyumbani.

Wenu,
Wakili mwenzenu wa siku nyingi,
Dar es Salaam