Pishi mbili

Scarborough, Toronto
Jumapili usiku

Sahibu yangu Makame,

Assalamu alaykum. Ile sauti yako ya dakika kumi na moja nimeisikiliza ndani ya basi, mara mbili, nikitikisa kichwa mpaka mama wa kiti cha pili akaniuliza kama nimefiwa. Kumbe ni barazani kwenu tena, na uchaguzi wetu wa Zanzibar wa 1963 tena, ule ambao wenye kura nyingi walikosa serikali. Nimekufahamu vizuri. Wewe ulisema Mwingereza alituachia nyumba ina ufa naye akiuona. Mwenzio wa bao akakujibu kuwa Mwingereza alifuata kanuni yake ya kura, ile ile anayoifuata kwao London, na kanuni haimjui mtu. Mkaondoka kahawa ikiwa vikombeni. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu nina hesabu za kukupa, na hesabu kwa sikio hupotea.

Nina shahidi, na wala si Mzanzibari.

Chini ya jengo letu kuna chumba cha mashine za kufulia nguo. Jumamosi asubuhi humkosi mzee mmoja tunayemwita Anko, maana kwao kila mzee ni Anko. Kwa sura ungemwamkia "kem cho" kama tulivyokuwa tukiwaamkia wenye maduka Darajani, naye asingejua umesema nini. Wazee wake walitoka India kwa meli kwenda kukata miwa. Yeye kazaliwa Berbice, Guyana, na India hajaifika hata kwa kupita. Mara nyingi huwepo pia mama mmoja, ukimwona utaapa ni wa Makunduchi, naye Mguyana vilevile, wa Linden, mji wa machimbo ya boksiti. Huyo ni Anti. Hukunjiana mashuka, kila mmoja kashika ncha zake mbili, wanasogeleana na kurudi nyuma kama watu wa ngoma. Miaka mingi sasa.

Jumamosi iliyopita, sauti yako ikiwa bado masikioni, nikawauliza: nyinyi uhuru wenu mliupataje? Anko akacheka. Anti hakucheka.

Nikupe kwanza nchi yenyewe. Iko Amerika ya Kusini, enzi hizo ikiitwa British Guiana. Ardhi ya mwambao wake iko chini kuliko kimo cha maji ya bamvua. Waholanzi ndio walioanza kujenga kuta za kuzuia bahari, na waliochimba mifereji kwa mikono ni watumwa wa Kiafrika. Utumwa ulipokwisha, mwaka 1838, zikaingia meli za kwanza za vibarua wa mkataba kutoka India, na mpaka safari hizo zikomeshwe mwaka 1917 walishaletwa karibu watu 240,000. Ongeza Wareno, Wachina, na wenyeji wa asili. Kila kundi likaishia mahali pake: Wahindi kwenye miwa na mpunga, Waafrika mjini, polisi, ofisini, machimboni. Sukari kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kampuni moja, Bookers, hata watu wakaiita nchi yao Guiana ya Bookers. Wewe umekulia chini ya mikarafuu. Sina haja ya kukufafanulia zaidi.

Kilichonishangaza ni kwamba walianza pamoja. Mwaka 1950 kiliundwa chama kimoja, PPP. Kiongozi wake Cheddi Jagan, daktari wa meno, mtoto wa shamba la miwa. Mwenyekiti Forbes Burnham, wakili, Mwafrika, ulimi wake asali. Katibu ni mke wa Jagan, Janet, Mmarekani wa Chicago. Aprili 1953, katika uchaguzi wa kwanza wa kila mtu mzima kupiga kura, wakachukua viti 18 kati ya 24. Anko anasema baba yake alimpigia Mwafrika na hakuna jirani aliyemtazama mara mbili.

Serikali hiyo ilidumu siku 133. Mtoto wa umri huo hajaanza hata kukaa. Oktoba wakateremka wanajeshi wa Kiingereza, katiba ikasimamishwa, mawaziri wakaondolewa, kwa hoja kwamba palikuwa na njama ya Kikomunisti. Mwaka uliofuata Jagan akafungwa kwa kuvunja amri ya kutotoka Georgetown.

Basi ukishawafungia watu mlango wa serikali, watabaki wanatazamana wao kwa wao. Mwaka 1955 chama kikapasuka. Burnham akaondoka na wake, na baadaye chama chake kikaitwa PNC. Likazuka neno la Kihindi cha mashambani, apan jaat, yaani mpigie wa kwenu. Anti aliponitamkia neno hilo alilitema kama kokwa ya ndimu.

Haya, sasa weka kahawa chini. Agosti 1961 walipiga kura kwa kanuni ya Kiingereza: kila jimbo mshindi mmoja, hata akishinda kwa kura moja. PPP ya Jagan ikapata takriban asilimia 43 ya kura na viti 20 kati ya 35. PNC ya Burnham asilimia 41, viti 11. Chama cha tatu, cha tajiri Peter D'Aguiar, viti vinne. Jagan akawa waziri mkuu, na kila mtu alijua uhuru uko mlangoni. Oktoba akaenda Washington kuonana na Rais Kennedy wa Marekani. Alitaka msaada, Kennedy aliona Cuba ya pili. Februari 1962 kitovu cha Georgetown kikateketea kwa ghasia za bajeti. 1963 ukaja mgomo wa siku 80, na leo haibishaniwi tena kwamba fedha za CIA, majasusi wa Marekani, ziliwafikia wagomaji kupitia vyama vya wafanyakazi vya Marekani. Tarehe 30 Juni mwaka huo Kennedy alikutana na waziri mkuu wa Uingereza, Macmillan, nyumbani kwa Macmillan, Birch Grove, na Guiana ilikuwa mezani.

Tarehe 30 Juni. Wiki moja baadaye sisi tukapanga foleni.

Yetu unayajua, ila niyaweke kando ya yao uyaone. Julai 1963 ASP, chama cha Afro-Shirazi, ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, na viti 13. Vyama vya ZNP na ZPPP vilivyoungana, kwa kura chache zaidi, wakapata viti 18 na serikali. Kura za ASP zilirundikana majimboni kwake Unguja. Za wenzao zilienea vizuri, khasa Pemba.

Waziri wa makoloni wa Uingereza wakati huo ni nani? Duncan Sandys. Septemba 1963 ujumbe wa Zanzibar ukakaa London, Lancaster House, kupanga uhuru. Kura zikaachwa kama zilivyo, kanuni ni kanuni, bendera Desemba 10. Oktoba ikaja zamu ya Guiana, mji ule ule, waziri yule yule. Kwao Sandys akasema kanuni ya jimbo moja mshindi mmoja haifai kwa nchi ya makabila mengi, maana inawagawa watu! Akaamuru ipigwe kura upya kabla ya uhuru, nchi nzima iwe jimbo moja, kila chama kipate viti kwa kadiri ya kura zake. Jagan alitaka vijana wa miaka 18 wapige kura, akanyimwa.

Unamkumbuka yule mwenye duka wa utotoni kwetu, aliyekuwa na pishi ya kupokelea karafuu na pishi ya kutolea mchele? Kwa macho zilikuwa sawa. Mama yako ndiye aliyezigundua, kwa kumimina ya kwanza ndani ya ya pili mbele ya watu.

Mwenzio atakuruka hapo, na ana haki yake. Atasema kugawa viti kwa uwiano wa kura si wizi. Kweli. Chama kupata viti 20 kati ya 35 kwa asilimia 43 ni dhulma kwa wengine, na mimi ningekuwa Burnham ningelia vilevile. Na wala sisemi kwamba Sandys angetupimia na sisi kwa pishi ya Guiana basi mapinduzi ya Januari 1964 yasingetokea. Hilo alijua Mungu. Ninachosema ni hiki tu: aliyekuambia kanuni haimjui mtu, muulize kwa nini kanuni ile ilimjua Jagan.

Lakini sikiliza kinachomuuma Anko zaidi. Mkutanoni Oktoba viongozi watatu walishindwa kupatana, wakaandika barua, Jagan, Burnham na D'Aguiar, wote wakatia saini, wakimwomba Sandys aamue yeye na wao watakubali. Wakampa fisi bucha. "Wangekosana mwaka mzima," Anko alisema, "lakini wasingeandika ile barua." Ana miaka zaidi ya sabini na bado anaigombeza ile karatasi.

1964 ndiyo waliyonieleza kwa zamu, na hapo mashuka yakaachwa mezani. Anko akataja Wismar, ambayo leo ni sehemu ya Linden kwao Anti, tarehe 25 Mei: Wahindi wa mji ule walichomewa nyumba, wanawake wakadhalilishwa, waliobaki wakatolewa kwa boti, maelfu. Ndugu zake walifika Berbice na nguo za mwilini. Anti akangoja amalize. Kisha akataja Sun Chapman, boti ya abiria iliyolipuliwa mtoni Demerara tarehe 6 Julai, wiki sita tu baadaye, wakafa watu zaidi ya 40, wengi Waafrika wa upande wa kwao. Mjomba wake alikuwemo. Nchini kote mwaka ule walikufa watu zaidi ya 150. Kila mmoja alijua habari ya mwenzake, nilimwona Anko akiitikia kwa kichwa Anti akisema, ila nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuzitaja mbele ya mwenzake. Nikajilaumu kwa kuuliza. Unajua kwetu nako, kwa nyumba mbili zilizopakana Januari ile ni miezi miwili tofauti.

Desemba wakapiga kura kwa pishi mpya. Jagan bado akaongoza, karibu asilimia 46, viti 24 kati ya 53. Burnham 22, D'Aguiar saba. Wakaungana, wakachukua serikali. Jagan alikataa kujiuzulu, London ikarekebisha katiba mara moja ili aondoke. Kanuni, ndiyo. Uhuru ukaja tarehe 26 Mei 1966. Anko husema kila mwaka ngoma za uhuru zinamkuta tanga la Wismar halijaanuliwa, kwa siku moja tu.

Yaliyofuata nayapita mbio. Burnham alipokwisha kukaa, kura ziliibwa waziwazi kuanzia 1968, na hakutoka mpaka alipokufa 1985. Walter Rodney, yule aliyewafundisha kaka zetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alirudi kwao kujaribu kuwaunganisha Wahindi na Waafrika tena, akauawa kwa bomu Georgetown, Juni 1980. Jagan alingoja mpaka 1992 kuingia tena kwa kura, mzee wa miaka 74. Na miaka miwili kabla ya hapo Arthur Schlesinger, aliyekuwa mshauri wa Kennedy, alimwomba radhi hadharani kwa waliyomtendea. Sisi sijasikia aliyetuomba radhi kwa lolote, wala Lancaster House, wala wenyewe kwa wenyewe.

Mwisho niliwaambia kuhusu kwetu: Septemba, Sandys, asilimia 54. Anko akageuka. "Yule yule?" Nikamwambia yule yule. Akaniuliza mara ya pili, kama mtu aliyegundua kuwa mwizi wake ni mwizi wa mtaa mzima. Anti alikuwa ameshaliokota shuka, akampa ncha mbili ashike.

"Mwaka ule alikuwa na kazi nyingi yule bwana," akasema, akaanza kukunja.

Haya basi. Hesabu zangu msomee mwenzio, lakini msomee baada ya kahawa. Nisalimie mama, mwambie nimeitaja pishi yake huku Kanada. Na ile iliki uliyoniahidi, mtu wa kuileta atatoka Dar mwezi ujao; nitakupa namba yake kwa simu.

Nduguyo,
Hamadi