Mume ana dhumna zake, mimi nina nini?

Shangazi,

Nakuita Shangazi kwa sababu wote wanakuita hivyo, ingawa kwa umri huenda mimi ndiye shangazi yako. Nina miaka 67, Mbondei wa Muheza, na nakuandikia kutoka Port Antonio, mji mdogo wa pwani kaskazini-mashariki mwa Jamaika. Usishangae. Nilikwenda Uingereza nikiwa binti, nikasomea unesi, nikafanya kazi wodini Birmingham miaka 34, na huko nikaolewa na dereva wa basi, Mjamaika. Tulipostaafu akasema anataka kuzeekea kwao. Sikubisha. Nilijiambia pwani ni pwani: minazi ipo, samaki wapo, joto lipo.

Na kweli vipo. Soko la Musgrave nakuta mchicha, wenyewe wanauita kalalu, nakuta magimbi, muhogo, na mashelisheli ya kuchoma. Krismasi wanapika wali na mbaazi kwa tui la nazi. Siku ya kwanza kuuonja nilijifanya nimepaliwa ili watu wasione machozi. Mvua tu ndiyo imenishinda. Milima ya Blue Mountains iko mgongoni mwetu, na nguo zinaweza kukaa kambani siku tatu hazijakauka.

Ila si mvua iliyonifanya nikuandikie. Huu ni mwaka wa tatu na sina mtu.

Mume wangu ana watu. Ikifika saa kumi jioni yuko kwenye meza ya dhumna karibu na gati, wanabamiza kete utadhani wana ugomvi na meza. Jumamosi ana Sabato yake. Binamu anao kila kona. Mimi jina langu mtaani ni "yule Mwingereza", maana hapa ndivyo wengi wanavyowaita waliokuja kustaafu kutoka Uingereza. Yaani Birmingham miaka yote nilikuwa Mwafrika, nimevuka bahari ya pili nimegeuka Mwingereza! Hata hodi yao ni nyingine. Mtu husimama getini akapaza sauti, "Shikeni mbwa!", awe anajua mna mbwa au hajui. Sisi mbwa hatuna, na kwa miezi mingi sauti hiyo niliisikia kwa majirani tu.

Usidhani nimekaa nikisubiri kubembelezwa. Nilikwenda kituo kimoja cha afya nikajitolea kupima watu presha na sukari bila malipo. Nikajaza fomu, wakataka vyeti, nikatuma vyeti, miezi minane sijajibiwa. Kanisani kina mama walinipa zamu ya kupanga maua. Mimi niliyeshinda usiku kucha na wagonjwa mahututi, nimepewa maua.

Lililoniuma zaidi ni la msiba. Mama mmoja wa mtaa wa pili alifariki, na hapa kuna usiku wa tisa, kama matanga yetu: watu wanakesha, wanaimba, wanaume wanacheza dhumna, kuna samaki wa kukaanga na supu ya mbuzi. Nikafunga kanga kiunoni, nikabeba kisu changu, nikanyoosha moja kwa moja jikoni. Kulikuwa na ndizi mbichi rundo zima zinasubiri kumenywa. Nikamenya mbili. Ya tatu dada mmoja akanitoa kisu mkononi kwa upole kabisa, akanipeleka kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, akaniletea sahani iliyofunikwa. Wewe unajua Tanga msibani nani anapewa kiti na sahani iliyofunikwa. Mgeni. Nilikula, nikashukuru, nikarudi nyumbani na kisu changu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kuna mzee mmoja Rasta anauza madafu pale sokoni. Mwaka jana alinisikia nikiongea na dada yangu wa Muheza kwenye simu. (Tunapishana saa nane, nikiwa sokoni saa mbili asubuhi, yeye kwake ni saa kumi jioni.) Nilipokata simu mzee akaniamkia, "Habari, Mama." Kumbe alijifundisha maneno ujanani, enzi za Waziri Mkuu Manley, rafiki wa Mwalimu Nyerere. Anajua uhuru, anajua ujamaa, ila hakujua kwamba ndani ya ujamaa mna jamaa. Nilipomweleza alikaa kimya, kisha akanipa dafu bure. Akaniomba niwafundishe wajukuu zake na wenzao Jumapili alasiri.

Nikaenda. Watoto saba, chini ya mkungu, mti ule ule wa kwetu. Nikawaambia hili jani ni mchicha, ile ni bahari, mkubwa unamwambia shikamoo. Kuna kijana wa miaka tisa sasa anawaamkia shikamoo hata makondakta. Shangazi, nililala usingizi siku ile.

Habari ikafika kwenye meza ya dhumna. Mume wangu hakugomba; angegomba ningejua la kufanya. Alisema tu, "Watu wa kwetu hawakai na hao." Ana miaka 72. Aprili 1963, alipokuwa na miaka 10, palitokea vurugu kati ya Marasta na polisi Coral Gardens, upande wa Montego Bay. Watu wanane wakafa, na baada ya hapo Marasta wakakamatwa ovyo kisiwa kizima. Serikali imekuja kuomba radhi mwaka 2017. Lakini yeye anakumbuka bibi yake akimvuta ndani na kufunga mlango kila Rasta akipita njiani, na mwaka 1966 akapelekwa Birmingham na hofu ile ile. Simlaumu sana. Na mimi nina wasiwasi wangu: mzee huniuliza habari za Haile Selassie, yule mfalme wa Ethiopia ambaye Marasta wengi wanamwona ni Mungu, mimi Mwanglikana nitamjibu nini? Wakati mwingine nahisi wanaipenda Afrika fulani ambayo mimi sitoki huko.

Wanangu wanasema nirudi Birmingham. Dada anasema nirudi Muheza. Huko nako kuna hesabu yake: pensheni ya Uingereza ukiwa Jamaika inapanda kila mwaka, ukihamia Tanzania inaganda pale pale ilipo. Na mume simwachi, hilo usinishauri.

Nauliza: niendelee na watoto hawa mume akiwa amenuna, au niache nisubiri kina mama wa mtaa wanipe kisu nimenye ndizi? Na kama ni kuendelea, nimwambieje mtu ambaye hofu yake ni ya utotoni?

Mzee anataka jibu kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Jumapili iliyopita sikwenda, nikajifungia chumbani. Watoto wakanifuata, safari hii kumi na mmoja, wakasimama getini. Hawakusema "Shikeni mbwa." Walipiga "Hodi!" wote kwa pamoja, na mume wangu aliyekuwa barazani akageuka kuangalia dirisha langu.

Bibi wa Muheza,
Port Antonio