Yah: Malalamiko kuhusu ankara na uendeshaji wa shauri langu la talaka na matunzo ya watoto

Kwa Wakili Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shauri bado linaendelea, kwa hiyo silalamikii matokeo, na hakuna wakili mkweli anayeahidi ushindi. Ninalalamikia uamuzi uliokuwa wangu kufanywa bila mimi, ushahidi kuachwa upite, na ankara isiyosomeka.

Lililo zito ni pendekezo la upande wa pili. Katika nakala za jalada nimekuta barua yao: mwenzangu alipe ada za shule na matibabu moja kwa moja, atoe kiasi fulani kila mwezi, na watoto wakae naye wikiendi moja kati ya kila mbili, pamoja na nusu ya likizo. Nyuma yake imebanwa barua yenu ya kukataa. Sikuulizwa. Wakili ana uhuru wa kuchagua hoja za kisheria na namna ya kupanga maombi. Kukubali au kukataa suluhu ni kwa mteja, na pendekezo lazima limfikie hata kama wakili analiona halifai. Tena hakimu anapoamua nani abebe gharama anaweza kuuliza ni nani aliyekataa suluhu ya maana, na jina litakalotajwa ni langu.

Ankara nayo. Mstari mmoja unasema "Mawasiliano na mapitio ya nyaraka, saa 3.4", bila tarehe wala jina la aliyefanya kazi. Mkataba wetu unahesabu muda kwa vipande vya dakika 6, hivyo hapo kuna vipande 34. Kazi tofauti zikirundikwa namna hiyo, sina njia ya kujua kama simu ya dakika 2 imetozwa kipande kimoja au vitano. Kudurufu na kupanga viambatanisho, kazi ya karani, kumetozwa kwa kiwango cha wakili. Malipo ya awali yalipaswa kukaa kwenye akaunti ya fedha za wateja hadi kazi ifanyike na ankara itolewe. Taarifa ya akaunti hiyo sijawahi kuiona.

Kuhusu mali, mimi nilikabidhi taarifa za benki za miezi 12, hati za mshahara na orodha ya madeni, na karani akasaini kupokea. Za upande wa pili zilipokelewa bila kukaguliwa. Salio la mwisho la ukurasa wa tatu halilingani na salio la kuanzia la ukurasa unaofuata, maana yake kuna kurasa zimechomolewa. Hili halihitaji mhasibu, linahitaji mtu wa kusoma tu. Ilitosha kuandika barua ya kudai kurasa zilizokosekana, na wakigoma, kuiomba mahakama iwaamuru wazitoe. Mali iliyofichwa ikigunduliwa baada ya hukumu, kulifungua upya suala hilo ni kazi ngumu na ghali.

Maombi ya amri ya muda ya matunzo yangeweza kuwasilishwa pamoja na madai ya msingi. Hayajawasilishwa mpaka sasa, na watoto wanakula kila siku.

Naomba yafuatayo ndani ya siku 14: ankara mpya inayoonyesha tarehe, kazi, muda na mhusika kwa kila mstari, huku kazi za karani zikipunguzwa kiwango, taarifa ya akaunti ya fedha za wateja, na barua kwa upande wa pili ikieleza kwamba kukataa kule hakukutokana na maelekezo yangu, na kuuliza kama pendekezo bado lipo. Maombi ya matunzo yasisubiri siku hizo. Yawasilishwe mara moja.

Msipoweza, niandalieni jalada kamili kwa ajili ya wakili mwingine, pamoja na tarehe zote za mahakama zilizopangwa. Ubishi wa ada tutaumaliza kando. Usiwe sababu ya kulishikilia jalada wakati tarehe ya kusikilizwa inakaribia.

Nasubiri majibu ya maandishi kutoka kwako mwenyewe, si kwa wakili ninayemlalamikia.

Wako,
Mteja