Safari ya Mikumi haikufa kwa kukosa hela

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila ikikaribia sikukuu naskia Wabongo hatupendi kutalii kwetu, mara hatuna hela, mara hatuna utamaduni huo. Mi ni mweka hazina wa grupu letu la WhatsApp la kwenda mbuga ya Mikumi, tupo 31, na nakwambia kupenda watu wanapenda sana. Siku ya kwanza vidole gumba 25, mmoja akaandika "mi hata kesho". Tukapata kosta ya laki sita, ukigawa kwa 25 ni elfu 24 kila kichwa, nikatuma namba ya kulipia, wiki nzima wakalipa wanne! Nikapigia mmoja mmoja, wote swali lao moja, wangapi wameshatoa? Shangazi akanambia "mwanangu, mkifika kumi nakutumia saa hiyohiyo", mwingine anamsikilizia shosti wake, shosti naye anamsikilizia mwingine. Nilipokosea nikasema tukibaki 12 mchango unapanda mpaka elfu 50, hata wale wanne, wawili wakadai hela yao.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alishalipigia hesabu jambo hili mwaka 1978, ingawa mfano wake ulikuwa fujo za mtaani sio mbuga. Anasema kila mtu ana namba yake, ya watu anaotaka kuwaona wameanza ndo na yeye aingie. Chukua watu 100, wa kwanza namba yake 0, anayefuata 1, halafu 2, hivyohivyo mpaka 99, wote wataingia, mmoja anamvuta mwenzie. Sasa yule mwenye 1 mpe 2. Anaingia wa kwanza peke yake, hakuna anayetosheka na mtu mmoja, imeisha hapo, na watu karibu wote ni walewale! Mi mwenye 1 wetu namjua, ni dada mmoja wiki ile alikuwa anauguza.

Kwa hiyo mnaopanga trip, na nyie wa kampuni za utalii, acheni kuhesabu vidole gumba. Uliza "ukiona wangapi wamelipa na wewe utalipa?", anza na wenye namba ndogo, aliyelipa jina liende kwenye grupu na tiki siku hiyohiyo, na bei pigeni ya watu wachache, ikizidi itakuwa ya nyama choma.

Pasaka najaribu tena. Nimeshawauliza namba zao, watatu wameandika 0, shangazi bado yuko kwenye kumi, na mmoja kaandika 30 wakati grupu zima tuko 31, huyo ni mume wangu.

Mweka hazina,
Tabata, Dar es Salaam