Ukuta Hauna Rangi Nyekundu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha nimeionea kwenye simu ya dada yako, yangu haifungui picha. Huku Tanga tu wazima, isipokuwa mguu wa mama yako. Unauliza ununue thina gani ya kuyeyushia rangi, uufute mkwaruzo wa mlango wa gari. Thina iache hukohuko dukani. Huo mlango sidhani kama bado una rangi ya kiwandani, na mlango uliokwisha kupakwa upya ukiupitishia thina rangi inatoka mpaka kwenye praima, ile rangi ya chini kabisa. Ile rangi nyekundu iliyogandia juu inatoka kwa kitambaa laini na mafuta ya taa kidogo, kisha unaosha kwa sabuni. Ila usiitoe kwanza.

Umesema uligusa ukuta wa geti. Ukuta hauna rangi nyekundu. Ukuta unachimba, unaacha vumbi la saruji, na alama zake huwa nyingi, zimeparura ovyo. Huu ni mstari mmoja, usawa wa mpini wa pikipiki, umeanza mnene mlango wa mbele ukaishia mwembamba nyuma. Aliyekuwa anapita ni wewe. Tena ni kushoto, upande mnaojibana mkiona abiria anapunga mkono. Yule mtu aliinuka?

Haya, rangi. Pitisha kucha juu ya mkwaruzo. Pasipokwama, ni klia tu iliyochubuka, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Hapo hupaki kitu, unasugua kwa kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, na kitambaa safi mpaka ing'ae. Dawa ya meno wanayotumia vijana wa kuosha magari inafaa kwa vimichirizi vyembamba, zaidi ya hapo ni kuipoteza bure. Wala usisugue kwa hasira. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, unene wake ni kama karatasi moja ya daftari, na klia peke yake ni kama nusu ya hapo. Ukiimaliza hairudi.

Kucha ikikwama, tazama ndani. Palipoonyesha bati ndipo pa kuanzia, na uanze leo, maana unalaza gari Kigamboni na hewa ya chumvi haikungojei. Bampa ukiichubua unaweza kuiacha mwaka mzima, ni plastiki, haishiki kutu. Mlango ni bati. Sugua kwa kipande kidogo cha msasa mpaka kutu iishe, futa, dondoshea praima kwa ncha ya kijiti cha meno. Brashi za dukani ni nene mno. Praima ikikauka ndipo rangi. Namba ya rangi iko kwenye kile kibati cha Toyota, ama ndani ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. Ikiwa 1F7, hiyo ni silva. Usimwambie mchanganya rangi "silva tu", atakupa silva yake. Kichupa ukitikise sana, chenga za metali hutuama chini, usipotikisa unapaka kijivu. Paka tabaka jembamba, ngoja, jembamba tena, mpaka ipande kidogo juu ya rangi ya pembeni, halafu klia. Fanyia kivulini, siyo juani, wala siku ya mvua. Klia ikishika unyevu inakuwa nyeupe. Iache wiki nzima ndipo uisawazishe kwa msasa namba 2000 uliolowa maji ya sabuni, umezungushiwa kifutio cha shule, na umalizie kwa kompaundi.

Silva ya mkono haipotei kabisa. Jua likiipiga kwa ubavuni itaonekana, na bosi ataiona, kwa hiyo mwambie kabla hajaiona, hata kama mkataba unakaribia kwisha. Baiskeli ya mdogo wako uliipaka vizuri kuliko nilivyopaka mimi nilipokuwa na umri wako, hilo nalisema. Lakini mkono huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu utauficha vizuri.

Nimepaka milango mingi ya watu walioniambia ukuta. Walilipa, sikuuliza. Wewe nakuuliza. Alikuwa amebeba mtu? Ulisimama, au ulimwona kwenye kioo tu ukaendelea? Hesabu ya bosi usinitajie, hesabu ya siku moja inalipika. Kama aliumia na hukutoa taarifa, nenda kituoni, tena usiende peke yako. Baba yako mdogo wa Mbagala nimeshamwambia ajiweke tayari, sikumwambia kwa nini. Nipigie usiku, mama yako akiwa amelala, presha yake unaijua.

Kwa basi la kesho natuma karatasi za msasa na kompaundi iliyobaki, tangu niiuze kompresa ya kupulizia rangi sina kazi nazo. Kuna na machungwa ya Muheza, mengine mpe mama mwenye nyumba wako. Yapokee stendi ya Magufuli, konda atakupigia. Mdogo wako anataka kuacha shule aje kuendesha kama wewe. Nimemkatalia mpaka amalize kidato cha nne, na wewe acha kumtumia picha za gari.

Mama yako anauliza lile turubai la bluu, kama ulilichukua wewe. Banda la mbuzi linavuja upande wa kisimani. Kama unalo, mpe konda huyohuyo alirudishe, nauli ya mzigo nitalipa huku.

Baba yako