Kwa mwanangu Zuhura, kuhusu lile daraja

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, bibi yako mguu umepoa, na yule kuku mweusi kaangua vifaranga tisa. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa huko bwenini simu hairuhusiwi, ingawa ninayotaka kukuambia yanahusu simu hiyohiyo utakayoninyang'anya siku ya kwanza ya likizo.

Unalikumbuka lile daraja? Ulituma kwenye kundi la ukoo picha ya daraja lililokatika, na maneno: "Segera hapapitiki tangu asubuhi." Shangazi yako wa Korogwe akaahirisha kumleta mtoto kliniki huku Tanga. Kumbe njia ilikuwa nyeupe. Sikukugombeza siku ile kwa sababu hata mimi niliamini, nikampelekea mteja wangu wa Muheza. Aibu tuligawana.

Usiku niliitazama tena ile picha, safari hii bila haraka. Magari yote yamekaa upande wa kulia wa barabara. Kwetu tangu lini? Kibao cha njiani kina herufi ambazo si zetu wala si za Kiarabu. Yote hayo yalikuwa mbele ya macho yetu, ila tulishaamini kabla hatujatazama. Na juu ya ujumbe palikuwa na ule mshale wenye vichwa viwili, maana yake umeshapita kwa watu wengi mno. Tangu Aprili 2020 WhatsApp wenyewe wanauzuia ujumbe wa namna hiyo usipelekwe kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mkupuo.

Nilisoma habari za watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew. Mwaka 2017 walieleza walivyowaketisha wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wahakiki habari 10, wakawapa kurasa za intaneti wazipime. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi waling'ang'ania ukurasa wenyewe, nembo yake na sura yake nzuri vikawahadaa. Wahakiki walitoka upesi, wakaenda kutafuta wengine wanasemaje juu ya mwenye ukurasa. Wazee wetu wakiposewa binti hufanya vivyo hivyo: tabia ya kijana haulizwi yeye, huulizwa majirani zake. Siku ile kumpigia kondakta mmoja tu wa basi la Korogwe kungetosha.

Sasa kuandika. Wewe na wenzako andikeni "xaxa" na "2po" mpaka mchoke, mimi simo. Babu yako alipotuma simu ya maandishi alilipia kila neno, kwa hiyo kubana maneno hakukuanza na nyinyi. Ila yeye alijua nani atasoma.

Nilikutuma umwandikie mzee wetu wa nazi kule Pangani. Ukaandika: "Mama kasema usitume mzigo kesho atakuja mwenyewe." Mimi nilikusudia: usitume mzigo, kesho atakuja mwenyewe. Yeye akasoma: usitume mzigo kesho, atakuja mwenyewe, siku atakayopenda. Asubuhi nimepanda gari, nimefika, nakuta kufuli mlangoni na mzee kaenda msibani. Nauli ya kwenda na kurudi imeliwa na mkato mmoja. Mzee hakukosea, ujue. Alisoma kilichoandikwa.

Na "kwa ajiri ya", mwanangu, tafadhali. Kuajiri ni kumpa mtu kazi. Najua ukisema haisikiki tofauti, lakini mtu asiyekujua anayepokea ombi lako la nafasi ya masomo hana sauti yako wala uso wako, ana herufi tu. Kabla ya kutuma, jisomee kwa sauti, ukikosa pumzi ujue hapo pametakiwa nukta. Mimi hufanya hivyo dukani, wateja wanadhani nasali.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine yenye stempu. Nijibu ukurasa mmoja. Kifaranga mmoja ni wako: sema akikua nimuuze au nimfuge, na mkato nauangalia.

Mama yako.